UZI: Ansonia, ghorofa la New York lililonusurika kwa sababu ya kuta zake za ndani

mchora_ramani

Wakuu, habari za jioni. Kuna jengo nimekuwa nikilifuatilia kwa muda mrefu, leo naona nilishushe hapa kwa wale wanaopenda majengo na historia zake. Linaitwa Ansonia. Liko New York, upande wa magharibi wa Manhattan, kwenye barabara ya Broadway kati ya mtaa wa 73 na wa 74. Ujenzi ulianza 1899 ukakamilika 1904. Lina ghorofa 17, na mpaka leo watu wanaishi humo.

Ukilitafuta kwenye picha utaona minara ya mviringo kwenye pembe, makuba juu yake, roshani za chuma na mapambo kila mahali. Wengi wanaishia hapo. Mimi nataka tuingie ndani, tuzitazame kuta zinazotenganisha nyumba na nyumba. Ninavyoona, kuta hizo ndizo zilizoamua nani akae Ansonia, na hao waliokaa ndio waliokuja kulisimamia siku lilipotaka kuvunjwa. Nitashusha kwa vipande, maswali ulizeni tu katikati.

Tuanze na mwenye mali. Aliitwa William Earl Dodge Stokes, mtoto wa ukoo uliotajirika kwa biashara ya madini, hasa shaba, kupitia kampuni ya Phelps Dodge. Jina la jengo linatokana na babu yake mzaa mama, Anson Greene Phelps. Hata kule jimbo la Connecticut kuna mji unaoitwa Ansonia kwa ajili ya mzee huyohuyo.

Stokes hakukaa akala urithi. Alinunua viwanja upande huo wa Manhattan wakati bado kuna mapori na miamba, akajenga nyumba za kuuza, kisha akang'ang'ania Broadway. Wakati huo sehemu ile ya barabara ilikuwa inaitwa Boulevard, jina la Broadway ilipewa rasmi 1899. Mwaka 1900 mji ukaanza kuchimba njia ya treni ya chini ya ardhi, na mojawapo ya vituo vikubwa, pale treni za haraka zinaposimama, kikapangwa mtaa wa 72. Treni ilianza kubeba abiria tarehe 27 Oktoba 1904. Hesabu ya Stokes iko wazi: jengo lake linamalizika, treni inaanza kupita, na mlango wa kituo uko hatua chache kutoka mlango wake. Wanaofuatilia bei za viwanja kandokando ya mwendokasi wananielewa.

kijana_wa_buguruni

Mkuu shusha, tupo. Ila kitu kimoja sijaelewa. Mtu ana hela za kukaa jengo kama hilo, kwa nini apange? Si ajenge yake?

mchora_ramani

Swali zuri sana ndugu, na ndilo wenyewe New York walikuwa wanaulizana.

Kwa miaka mingi tajiri wa New York alikuwa na nyumba yake, na ngazi zake, na mlango wake barabarani. Kulala chini ya paa moja na watu usiowajua yalikuwa maisha ya maskini, wale waliobanana kwenye majengo ya kupanga upande wa mashariki, vyumba havina dirisha, choo kiko uani. Kwa hiyo mtu akiambiwa "njoo ukae ghorofa la pamoja" aliona anashushwa hadhi. Jengo la mwanzo kuvunja mwiko huo lilikuwa Stuyvesant, lililochorwa na Richard Morris Hunt na kumalizika karibu 1870. Kisha 1884 likaja Dakota, mtaa wa 72, kubwa na la kifahari, likaonyesha kwamba tajiri anaweza kupanga na heshima yake ikabaki palepale. Bei ya ardhi nayo ilisaidia kuwashawishi. Kuendesha nyumba nzima yenye wapishi, watumishi na makaa ya mawe ya kupasha joto kulishakuwa mzigo hata kwa wenye nazo.

Ansonia ikaja na hatua ya mbele zaidi: hoteli ya makazi. Unapanga nyumba yako yenye sebule na vyumba vya kulala, unakaa miaka, lakini usafi, mashuka na chakula vinatoka kwenye hoteli. Jiko kuu liko chini pamoja na kumbi za kulia. Nyumba nyingi mle hazikuwa na jiko lake.

Na hapa kuna jambo la kisheria ambalo sisi wachoraji lazima tulione. Sheria za New York kuhusu nyumba za kupanga zilibana urefu wa jengo la makazi. Hoteli haikubanwa hivyo. Ukiondoa majiko, jengo lako linahesabiwa hoteli, unapanda juu kadiri ya mfuko wako. Kwa hiyo kule kukosekana kwa majiko kulikuwa starehe kwa mpangaji, na kwa mwenye jengo kulikuwa ghorofa za nyongeza. Shikeni hilo la majiko, nitalirudia, kwa sababu miaka ya baadaye liliwageukia.

mchora_ramani

Sasa jengo lenyewe.

Stokes alimchukua Mfaransa, Paul Emile Duboy, aliyekuwa msanifu na mchongaji. Kwenye karatasi Stokes alijiita mwenyewe msanifu mkuu, lakini mkono wa Duboy unaonekana. Ni mtindo wa shule ya sanaa ya Paris, ule uliotawala majengo makubwa ya Ulaya na Marekani miaka ile: chini mawe yaliyopangwa kwa mistari mizito, katikati matofali mepesi ya rangi ya krimu pamoja na mawe ya chokaa na terakota, juu kabisa paa lenye mteremko mkali lililojaa madirisha. Paris majengo ya namna hiyo yana ghorofa sita au saba. Duboy akaambiwa afanye 17. Akalivuta lile umbo kwenda juu, akaweka roshani ndefu za chuma zinazokata jengo kwa ulalo ili jicho lisichoke, na kwenye pembe akasimamisha minara ya mviringo yenye makuba.

Kitu ninachokipenda zaidi ni jinsi alivyolikata. Jengo linachukua upande mzima wa mtaa, na kama angelijaza lote, vyumba vya katikati vingekuwa giza tupu. Alichofanya ni kuingiza nyufa kubwa za wazi kwenye uso wa jengo, kwa hiyo linaonekana kama majengo kadhaa membamba yaliyoshikana mgongoni. Vyumba vinapata mwanga na hewa, na mapambo yanapata kivuli cha kuchezea. Leo tunaona watu wanajaza kiwanja mpaka mpakani, halafu wanaweka kidirisha cha kuchungulia ukuta wa jirani. Inauma.

Ndani, ile minara ya pembeni imezaa vyumba vya duara. Kuna kumbi za umbo la yai. Dari ziko juu, milango ni mipana. Katikati kuna ngazi kuu inayozunguka kuanzia chini mpaka juu kabisa, na juu yake kulikuwa na kuba la kioo linaloshusha mwanga wa jua mpaka chini. Lifti zilikuwepo tayari, hakuna aliyelazimika kupanda ghorofa 17 kwa miguu, lakini ngazi ile ilijengwa kana kwamba kila mtu ataitumia.

Kulikuwa pia na mirija ya hewa iliyopita ndani ya kuta. Unaandika ujumbe wako, unaweka kwenye kichupa, unakitia kwenye mrija, hewa inakisukuma mpaka kwa wahudumu chini. Kulikuwa na bwawa la kuogelea ndani, mabafu ya mvuke, na kwenye ukumbi wa mapokezi chemchemi ya maji yenye sili hai wanaogelea. Ndiyo, sili, wale wanyama wa baharini.

Duboy mwenyewe hakuondoka vizuri. Mwaka 1907, katika mvutano na mkandarasi, upande wa Stokes ulidai kwamba Mfaransa huyo yuko hospitali ya wagonjwa wa akili huko Paris, na kwamba hakupaswa kuaminiwa kumwingiza Stokes kwenye ahadi za ujenzi. Mtu aliyechora jengo la namna ile kutajwa hivyo mahakamani, na anayemtaja ndiye aliyefaidika na kazi yake! Kila nikilifikiria namhurumia.

fundi_mkuu_iringa

Mchora ramani, kwenye kichwa cha uzi umesema kuta za ndani. Mbona umezipita?

mchora_ramani

Sijazipita fundi wangu, nilikuwa nazijengea njia.

Jengo lina fremu ya chuma. Mzigo wote wa ghorofa unashuka kwenye nguzo na mihimili ya chuma, kwa hiyo kuta za kugawa vyumba hazibebi chochote zaidi ya uzito wake. Kwa hesabu ya kawaida zingekuwa nyembamba, kwa sababu ukuta mnene ni gharama, ni uzito wa ziada kwenye fremu, na unakula nafasi ya kupangisha. Stokes akafanya kinyume. Alitaka jengo lisiloungua. Moto ulikuwa hofu kuu ya majengo marefu wakati ule, na yeye hakuwa na mapenzi na kampuni za bima. Akaagiza kuta za ndani ziwe nene kiasi kwamba moto ukianza nyumba moja ubaki nyumba hiyohiyo. Unene unaotajwa sehemu nyingine unafika futi 3, karibu mita moja.

Sasa wewe fundi unajua ukuta mzito unafanya nini kwa sauti. Kwa kanuni ya kawaida, ukizidisha uzito wa ukuta mara mbili, sauti inayopenya inapungua kwa takriban desibeli 6. Ukuta wa tofali la inchi 5 uliopigwa plasta vibaya unasikia jirani anavyokohoa. Ukuta wa Ansonia, jirani akipiga piano saa nne usiku, wewe umelala.

Ndani ya kuta hizohizo kulipitishwa pia mfumo wa kupooza nyumba wakati wa joto: maji ya chumvi yaliyopozwa kupita baridi ya barafu yalisukumwa kwenye njia zilizojengwa ukutani. Hapo ni mwanzo wa karne ya 20, viyoyozi vya kawaida bado havijafika majumbani.

fundi_mkuu_iringa

Hapo nimekupata. Hata sisi mteja akisema anataka vyumba vya wageni visisikilizane tunamwambia aongeze tofali, alaze badala ya kusimamisha. Anakataa kwa sababu ya bei, akishahamia anaanza kulalamika.

mama_kuku_chotara

Samahani kaka mchora ramani, kuna mahali niliwahi kusikia kwamba New York kuna ghorofa lilikuwa na banda la kuku juu ya paa. Ndilo hilo?

mchora_ramani

Ndilo lenyewe dada, na kuku walikuwa mamia, si wa mapambo.

Stokes aliamini jengo linaweza kujilisha. Akaanzisha shamba juu ya paa: kuku karibu 500, bata, mbuzi kadhaa, na inatajwa hata dubu mdogo. Kila asubuhi mhudumu alipita milangoni na mayai mabichi, mpangaji ananunua kwa bei nafuu. Kulikuwa na lifti ya kushusha na kupandisha mifugo.

Ukiwaza kwa makini, shida haikuwa wazo. Shida ilikuwa harufu, nzi na kinyesi juu ya vichwa vya mamia ya watu, katika mji ambao ulikuwa umechoka na magonjwa ya milipuko. Mwaka 1907 Idara ya Afya ya New York ikalifunga shamba. Leo watu wanazungumzia kilimo cha juu ya paa kama jambo jipya kabisa, na Stokes alishapambana na mabwana afya zaidi ya miaka mia moja iliyopita.

mama_kuku_chotara

Asante kaka. Kuku 500 bila utaratibu wa kuondoa mbolea hata shambani ni matatizo, sembuse ghorofa ya 17. Walikuwa na haki kumfungia.

mchora_ramani

Kweli kabisa. Tuendelee na watu.

Nyumba ya opera ya Metropolitan wakati ule ilikuwa Broadway, mtaa wa 39. Ansonia iko Broadway hiyohiyo, na treni iko mlangoni. Mwimbaji wa opera anahitaji kufanya mazoezi ya sauti kila siku, na sauti yake si ya kunong'ona. Kwenye nyumba ya kupanga ya kawaida atafukuzwa mwezi wa kwanza. Ansonia anafungua mdomo asubuhi mpaka jioni na hakuna anayegonga ukuta.

Hivyo wakaja. Enrico Caruso aliishi humo. Arturo Toscanini, kiongozi wa okestra, aliishi humo. Igor Stravinsky, mtunzi wa muziki, pia, na waimbaji Lily Pons na Ezio Pinza. Lauritz Melchior, Mdenmaki mwenye mwili mkubwa na sauti ya kutikisa paa, inasimuliwa kwamba alikuwa akifanya mazoezi ya kulenga mishale kwenye korido, maana korido za mle ni ndefu za kutosha. Na nyuma ya hao wenye majina kulikuwa na kundi kubwa zaidi: walimu wa sauti, wapiga piano wa kusindikiza waimbaji, wanafunzi. Hao ndio walioendelea kukaa hata fahari ya jengo ilipoanza kushuka.

Wanamichezo nao walikuwepo. Babe Ruth, mchezaji mashuhuri kuliko wote wa besiboli, alipohamia timu ya Yankees mwaka 1920 alikaa Ansonia. Jack Dempsey, bingwa wa ngumi za uzito wa juu, pia aliwahi kukaa.

yanga_damu

Mkuu si ndiyo hapo walipopanga ile mechi ya besiboli iliyouzwa? Niliwahi kuona makala.

mchora_ramani

Ndiyo hapo. Tarehe 21 Septemba 1919 wachezaji kadhaa wa Chicago White Sox walikutana chumbani kwa mwenzao Chick Gandil, mle Ansonia, walipokuwa New York kwa mechi. Wakazungumzia kuuza fainali za mwaka ule kwa wacheza kamari. Cincinnati Reds wakashinda kwa michezo 5 dhidi ya 3. Mambo yakafichuka mwaka uliofuata. Mahakama iliwaachia 1921, lakini msimamizi mkuu wa besiboli, Jaji Landis, akawafungia wachezaji 8 maisha yao yote. Faragha ya kuta zile ilitumika hata kwa hilo.

Sasa tunafika sehemu ngumu.

Stokes alifariki 1926, na miaka michache baadaye uchumi wa Marekani ukaanguka. Mtindo wa maisha ya hoteli ukafa taratibu. Watu sasa wanataka jiko lao, na hapa ndipo lile jambo la majiko liliporudi. Jengo lililopanda juu kwa sababu halina majiko sasa linakosa wapangaji kwa sababu hiyohiyo. Jiko kuu na kumbi za kulia zikafungwa, nyumba kubwa zikakatwakatwa kuwa ndogo, majiko yakabandikwa kwenye vyumba ambavyo havikuchorewa jiko.

Vita vya Pili vya Dunia vikaja. Mapambo ya shaba kwenye ukingo wa paa yakang'olewa kuchangia chuma cha vita. Lile kuba la kioo juu ya ngazi likapakwa lami nyeusi ili taa zisionekane usiku kutoka angani. Vita vikaisha, lami ikabaki. Ngazi iliyojengwa ili ishushiwe jua ikakaa gizani miongo mingi.

Baada ya vita jengo likaangukia kwa mfanyabiashara wa mabango ya taa ya Times Square, likaendelea kuchakaa. Mabomba yakaziba, maji yakavuja, plasta ikaanguka. Mwaka 1968, kwenye mabafu ya zamani ya chini ya jengo, likafunguliwa bafu la Continental, lililokuwa la wanaume mashoga. Lilikuwa na jukwaa la muziki, na Bette Midler alijijengea jina hapo, Barry Manilow akimpigia piano. Ghorofani mwalimu anafundisha opera, chini watu wanacheza mpaka alfajiri, na kila mmoja yuko na dunia yake. Hapo napo ni kuta.

Mwanzoni mwa miaka ya 1970 ikatangazwa nia ya kuvunja kila kitu na kusimamisha mnara mpya. Wapangaji wakagoma. Waliokuwa mstari wa mbele walikuwa walimu wa sauti na wanamuziki, watu ambao kwao kuhama hakukuwa kubadilisha anwani tu. Wangepata wapi pengine pa kufundishia kuimba bila kushtakiwa na jirani? Mji mzima uliwafahamu, walijua kusimama mbele ya watu na kusikika. Wakakusanya saini kwa maelfu, wakapeleka hoja kwa tume ya mji inayolinda majengo ya kihistoria. Machi 1972 Ansonia ikatangazwa rasmi kuwa jengo la urithi. Kuvunja kukawa hakuwezekani tena.

Tume hiyo nayo ilizaliwa kwa uchungu. Mwaka 1963 New York walianza kuvunja stesheni kubwa ya Pennsylvania, moja ya majengo mazuri kabisa waliyokuwa nayo, na watu wakaona kwa macho yao kinachopotea. Sheria ya kulinda majengo ikapitishwa 1965. Kama stesheni ingetakiwa kuvunjwa miaka kumi baadaye, pengine ingekuwepo mpaka leo.

mwenye_nyumba_mstaafu

Kijana wangu, umeandika vizuri, lakini nikuulize kitu kama mtu aliyewahi kupangisha. Huyo mwenye jengo anakusanya kodi iliyobanwa na serikali, mabomba ya 1904 yanapasuka kila siku, halafu anaambiwa asivunje. Atalitengeneza kwa hela gani? Wapangaji wanasifiwa, yeye anaonekana mbaya. Hapo pana haki?

mchora_ramani

Shikamoo mzee wangu. Hoja yako ni nzito na siwezi kuipita juujuu.

Ni kweli kodi za New York zilidhibitiwa kisheria tangu wakati wa vita, na ni kweli ukarabati wa jengo lile ungemeza fedha nyingi. Tangazo la urithi halikuleta hata senti ya kutengenezea paa. Lilizuia nyundo, basi. Wamiliki wapya waliolinunua 1978 walitaka kukarabati na kupandisha kodi, wapangaji wakaona wanasukumwa nje kwa njia nyingine, na kesi zikavutana miaka na miaka. Kulikuwa na wapangaji waliokataa kulipa kodi mpaka maji yaache kuvuja. Mwisho wake ulifika 1992, jengo lilipobadilishwa ili nyumba ziuzwe mojamoja. Wapangaji wa zamani waliolindwa na sheria ya kodi wakaruhusiwa kubaki, wenye fedha wakaanza kununua.

Ila mzee, pima na upande wa pili. Aliyenunua jengo lile baada ya vita alilinunua likiwa limejaa wapangaji na kodi zake zikijulikana. Hakulinunua kwa kuota. Alilipata kwa bei inayolingana na hali hiyo, akaacha kulitengeneza, kisha uchakavu uleule ukawa sababu ya kuomba kulivunja. Hapo ndipo ninapokataa. Ningekubali zaidi kama mji ungesaidia gharama za ukarabati kwa jengo lenye hadhi ya urithi, maana faida ya kulitazama tunaipata wote na bili anapelekewa mmoja.

mwenye_nyumba_mstaafu

Marahaba. Hilo la mji kuchangia naliunga mkono. Sisi tuliokaa nyumba za Msajili wa Majumba pale Upanga tunajua: majengo yalitaifishwa 1971, kodi ikawa ndogo, kila mtu akafurahi, lakini fundi wa kuziba bomba ukimuomba anakuja baada ya mwaka.

mchora_ramani

Hiyo inastahili uzi wake mzee, na wewe ndiye wa kuuandika. Majengo ya katikati ya Dar yanavunjwa na walioishi humo bado wapo hai.

sista_wa_tanga_ughaibuni

Jamani mimi niko New York na nashukia kituo cha mtaa wa 72 mara nyingi, jengo hilo nalipita bila kujua. Nilidhani ni hoteli. Bado kuna waimbaji humo? Na ndani mambo yamebaki kama ulivyoeleza?

mchora_ramani

Dada, hapo ndipo panaponisikitisha kidogo.

Ulinzi wa 1972 ni wa nje ya jengo tu. Sheria ya New York iliruhusu kulinda na sehemu za ndani kuanzia 1973, mwaka mmoja baadaye, na ndani ya Ansonia hapakuwahi kuingizwa. Kwa hiyo nyumba zilipoanza kuuzwa, mnunuzi ananunua mbili tatu, anavunja kati, anaunganisha. Kwa upande mmoja anarudisha ukubwa wa mwanzo, maana nyingi zilikatwa baada ya miaka ya 1930. Kwa upande mwingine anaondoa kuta zilezile. Walimu wa muziki wengi wameshaondoka kwa sababu bei si ya mwalimu tena, ingawa hata opera ya Metropolitan ilisogea karibu zaidi, ilihamia Lincoln Center mwaka 1966, umbali wa kutembea. Kilichobaki cha sanaa ni shule ya muziki na maigizo ya AMDA, ina sehemu ndani ya jengo.

Ngazi kuu bado ipo, lakini ni makazi ya watu, mlinzi hatakuruhusu kupanda kuitazama bila mwenyeji. Nje ndiko kwako. Ukitoka kituoni, angalia kwanza kile kibanda cha kituo chenyewe, ni cha 1904, umri mmoja na jengo. Kisha nenda kwenye kiwanja kidogo kinachoitwa Verdi Square, kina sanamu ya Giuseppe Verdi, mtunzi wa opera, iliyosimamishwa 1906. Simama upande wa kaskazini wa kiwanja hicho uitazame kona ya mtaa wa 73. Nenda saa za asubuhi, jua linapiga uso wa Broadway na zile nyufa za mwanga zinaonekana vizuri. Ukiweza tupigie picha, hasa ya roshani ndefu za juu na ukingo wa paa ulikong'olewa shaba, nataka fundi wa Iringa azione.

sista_wa_tanga_ughaibuni

Nimekuelewa kaka. Jumamosi nina nafasi, nitapiga nizilete humuhumu.

fundi_mkuu_iringa

Tunazisubiri dada. Na ukipata picha ya karibu ya zile nguzo za roshani, mahali chuma kinapoingia kwenye jiwe, niletee hiyo hasa. Nataka kuona kutu imekula kiasi gani miaka yote hii.